Mcheza Kwao: Viwanja Vilipofungwa, Watu Walifanya Nini?

Haya ndiyo maneno ya hotuba juu ya michezo na matumizi ya wakati, iliyotolewa mbele ya wazee, vijana na akina mama. Twaiandika hapa kwa faida ya wasomaji wetu wa mashambani na wa mijini.



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo huenda mtu akaliona kuwa dogo, nalo ni hili: mtu apendaye michezo hufanya nini na wakati wake michezo inapoondoka? Huenda mmoja wenu akasema moyoni, "Kuna habari gani hapo? Mpira usipochezwa, mtu hulala." Lakini jambo hili si dogo kama lionekanavyo. Wakati wa mapumziko ni mali kama mali nyingine, na tabia ya mtu hutambulikana kwa namna anavyoitumia saa ile ambayo hakuna bwana wa kumwamuru. Tena si jambo la kubahatisha. Tumekwisha kuliona kwa macho yetu wenyewe katika mwaka wa 2020, na kabla yetu baba zetu na babu zetu waliliona katika vita vikuu viwili. Kwa hiyo nitataja kwanza mambo yaliyotukia, kisha tutazame pamoja yanatufundisha nini.

DUNIA ILIPONYAMAZA

Kumbukeni mwezi wa Machi, 2020. Tarehe 11 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa korona umeenea ulimwenguni kote. Usiku ule ule mashindano makubwa ya mpira wa kikapu ya Marekani yalisimamishwa, kwa kuwa mchezaji mmoja alionekana ana ugonjwa huo. Tarehe 13 Ligi Kuu ya Uingereza ikasimama, na siku iyo hiyo Serikali ya Kenya ikatangaza kwamba mgonjwa wa kwanza amepatikana nchini. Tarehe 24 Michezo ya Olimpiki, iliyokuwa ifanywe Tokyo mwaka ule, iliahirishwa mpaka mwaka wa 2021. Tarehe 1 Aprili ikatangazwa kwamba mashindano ya tenisi ya Wimbledon hayatakuwako, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Vita Vikuu vya Pili.

Kwetu nako mambo yalikuwa yayo hayo. Mashindano ya magari ya Safari Rally, ambayo yalikuwa yarudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka ule, yalilazimika kungoja hata Juni 2021. Ligi Kuu ya Kenya haikumalizika. Tarehe 30 Aprili ilitangazwa kwamba msimu umekwisha, na kwamba Gor Mahia, waliokuwa wakiongoza, ndio mabingwa. Zaidi ya hayo, tangu tarehe 27 Machi ilikuwa amri kwamba mtu asionekane nje tangu saa 1 ya usiku hata saa 11 ya alfajiri.

Basi ifikirini Jumamosi ya namna ile. Mtu aliyezoea kutoka nyumbani mchana kwenda kibandani kuitazama Arsenal au Manchester United, na kurudi usiku akibishana na wenzake njiani, sasa ameketi nyumbani. Kibanda kimefungwa. Televisheni haina mpira mpya. Jua bado halijatua, naye amekwisha kuitazama saa yake mara kumi.

Na tufanye hesabu kidogo. Katika Ligi Kuu ya Uingereza kila timu hucheza mara 38 kwa msimu, na mchezo mmoja ni dakika 90. Mtu anayeifuata timu moja tu, asikose hata siku moja, hutumia saa 57 kwa msimu, pasipo kuhesabu mapumziko ya katikati, mwendo wa kwenda na kurudi, wala mabishano ya kesho yake. Akizifuata timu mbili, ni zaidi ya saa 110, nazo ni karibu siku 14 za kazi ya saa 8. Sisemi kwamba saa hizo zimepotea. Mtu aliyefanya kazi juma zima ana haki ya kufurahi. Nasema tu kwamba ni saa nyingi, na zilipoachwa wazi kwa ghafula ilikuwa hapana budi kitu kingine kiingie mahali pake. Neno ni hili: ni kitu gani kilichoingia?

HAIKUWA MARA YA KWANZA

Kabla ya kujibu, natutazame nyuma. Michezo ya Olimpiki ya mwaka wa 1916 haikufanywa kwa sababu ya Vita Vikuu vya Kwanza, na ile ya 1940 na ya 1944 haikufanywa kwa sababu ya vile vya pili. Ligi ya mpira ya Uingereza ilisimama ulipokwisha msimu wa 1914–15 mpaka vita vilipokwisha. Tena ikasimama Septemba 1939, msimu ukiwa ndio kwanza umeanza, isirudi kwa ukamilifu wake hata mwaka wa 1946.

Katika vita vile vya kwanza lilitokea jambo ambalo lafaa kila mmoja wetu alijue. Katika mji wa Preston, Uingereza, kilikuwako kiwanda cha Dick, Kerr, kilichokuwa kikitengeneza zana za vita. Wanaume wengi walikwenda vitani, wakaingia wanawake kufanya kazi ile. Wanawake hao, wakati wa mapumziko, walianza kucheza mpira uani kwa kiwanda. Siku ya Krismasi ya mwaka wa 1917 walicheza katika uwanja mkubwa wa mji, wakatazamwa na watu 10,000, na fedha zikapewa hospitali ya askari waliojeruhiwa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 26 Desemba 1920, walicheza Liverpool katika uwanja wa Goodison Park mbele ya watu 53,000.

Hakuna aliyewaita wanawake hawa waje wacheze. Nafasi ilikuwa tupu, nao wakaijaza. Lakini sikilizeni mwisho wake. Vita vilikuwa vimekwisha, wanaume wamerudi, na mwezi wa Desemba 1921 wakuu wa chama cha mpira wa Uingereza waliwakataza wanawake viwanja vya timu zote zilizo chini ya chama hicho. Katazo hilo lilidumu karibu miaka 50. Basi tunajifunza mambo mawili. La kwanza, michezo mikubwa inapoondoka hupata nafasi watu ambao zamani walikuwa watazamaji tu. La pili, nafasi hiyo yaweza kunyang'anywa tena mambo yanaporudi kama zamani, ikiwa watu hawakuilinda. Neno hilo la pili nitalirudia mwishoni.

NJIA NNE WALIZOFUATA WATU

Sasa turudi mwaka wa 2020. Ukiyatazama mambo waliyoyafanya watu duniani, utaona kwamba walifuata njia nne.

Njia ya kwanza ilikuwa kutafuta mpira mahali po pote ulikosalia. Katika nchi ya Belarus ligi haikusimama. Ghafula watu wa mbali, ambao hapo kwanza hawakujua hata Belarus iko upande gani wa dunia, wakawa washabiki wa timu zake. Huko Australia walipatikana watu walioanzisha kikundi cha kuishangilia timu ya Slutsk, nao hawajakanyaga mji huo hata mara moja. Timu ya Dynamo Brest iliwauzia watu wa ng'ambo tiketi, kisha ikaweka vitini masanamu yaliyobandikwa picha za nyuso zao. Katika kisiwa cha Taiwan mchezo wa besiboli ulianza Aprili katika viwanja vitupu, na mashine zenye umbo la watu zikawekwa zipige ngoma badala ya watazamaji. Karibu nasi, nchi ya Burundi iliendelea na ligi yake kwa majuma kadhaa wakati karibu Afrika nzima ilikuwa imesimama.

Ni rahisi kuwacheka watu hawa, lakini tusiwacheke. Mtu wa Australia aliyeishangilia Slutsk hakuwa na haja na Slutsk. Alikuwa na haja ya watu wa kuzungumza nao siku ya Jumamosi. Kwa wengi wetu mpira ni baraza, na baraza likivunjika mtu hulitafuta jingine hata likiwa ng'ambo ya bahari.

Njia ya pili ilikuwa kuitazama michezo ya zamani, au michezo ya mfano. Huko Marekani, filamu ya sehemu 10 juu ya Michael Jordan na timu ya Chicago Bulls, ambayo ilikuwa ionyeshwe Juni, ililetwa mbele ikaanza kuonyeshwa tarehe 19 Aprili, kwa kuwa watu walikuwa na njaa ya michezo. Huko Uingereza, mbio za farasi za Grand National hazikufanywa. Badala yake, tarehe 4 Aprili, kompyuta ilichora mbio za mfano, farasi wasio na damu wakiruka viunzi visivyo na mti. Watu milioni 4.8 walizitazama, na faida ya kamari ya siku hiyo ikapewa wafanyakazi wa hospitali. Njia hii haina madhara makubwa, nayo ina faida yake. Mtu anayeutazama mchezo ambao mwisho wake anaujua hatetemeki tena kwa ajili ya bao. Huweza kuona jinsi mlinzi alivyosimama, na jinsi pasi ilivyofunguliwa njia. Kijana anayetaka kuwa mchezaji au mwalimu wa mchezo hujifunza mengi hapo. Lakini kumbukumbu ni kiporo, na kiporo hakiliwi kila siku.

Njia ya tatu ndiyo mbaya, na juu yake nataka kusema waziwazi, maana inatuhusu sana. Ni kamari. Katika nchi yetu vijana wengi, na wazee pia, walikuwa wamezoea kuweka fedha kwa simu juu ya michezo ya ng'ambo. Michezo iliposimama, mtu angedhani kwamba kamari nayo itasimama. Wengine waliacha, kweli. Lakini wengine walihamia Belarus, na wengine wakahamia michezo ya kompyuta, ambayo timu zake hazina mchezaji hata mmoja aliye hai. Mchezo wa namna hiyo haujui jua wala mvua, hauna msimu wala siku ya kupumzika. Huisha kwa dakika chache, na mara mwingine huanza, usiku na mchana.

Hapa ndipo mtu alipopimwa. Mcheza kamari alikuwa akisema siku zote, "Mimi naupenda mpira, na fedha ni za kuongeza utamu tu." Basi mpira umeondoka. Ikiwa mpira umeondoka na fedha bado zinatoka mfukoni, kitu kilichopendwa hakikuwa mpira. Kila mtu aliyekuwa katika hali hiyo mwaka ule alipewa jibu la kweli juu ya nafsi yake. Ikiwa alilisikia jibu hilo, alipata faida kubwa kuliko ushindi wo wote. Ikiwa hakulisikia, walipata hasara watoto wake, katika mwaka ambao wengi walikuwa wamepoteza kazi.

Njia ya nne ilikuwa mtu kucheza mwenyewe. Katika nchi ya Ufaransa, ambako watu hawakuruhusiwa kutoka ila kwa haja, mtu mmoja alikimbia marathoni nzima katika roshani ya nyumba yake yenye urefu wa mita 7, akienda na kurudi kwa muda wa karibu saa 7. Tarehe 3 Mei mabingwa watatu wa kuruka kwa upondo, Duplantis wa Sweden, Lavillenie wa Ufaransa na Kendricks wa Marekani, walishindana kila mmoja akiwa katika bustani yake: ni nani atakayeruka mita 5 mara nyingi zaidi kwa nusu saa? Duplantis na Lavillenie waliruka mara 36 kila mmoja, wakatoka sare, na dunia ikawatazama kwa intaneti.

Lakini aliyewapita wote alikuwa mzee wa miaka 99, Kapteni Tom Moore wa Uingereza. Mzee huyu alikuwa askari katika nchi ya Burma, huko ambako askari wengi wa King's African Rifles kutoka nchi zetu walipigana mwaka wa 1944. Mwezi wa Aprili 2020, akijikokota kwa chombo cha kutembelea, alianza kuizunguka bustani yake, akitaka kutimiza mizunguko 100 kabla hajatimiza miaka 100 tarehe 30 ya mwezi. Alitumaini kukusanya pauni 1,000 za msaada. Watu walichanga zaidi ya pauni milioni 32. Alifariki dunia tarehe 2 Februari 2021, akiwa na miaka 100. Sitaji habari zake ili kila mzee aende akazunguke shamba. Nazitaja kwa kuwa hakuwa na uwanja, wala jezi, wala mshindani, na hata hivyo alicheza mchezo ambao watu wote waliupenda.

HAPA KWETU

Katika Kenya shule zilifungwa katikati ya Machi 2020, na watoto wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Masomo yalitolewa kwa radio na televisheni, lakini mtoto hawezi kusikiliza radio kutwa. Katika mitaa ya miji, michezo ya zamani ilipata nguvu mpya. Wasichana walicheza kati na kuruka kamba, wavulana walicheza bano, na mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba ulipigwa vichochoroni, ijapokuwa mara nyingi wazazi walilazimika kuwatawanya kwa kuuogopa ugonjwa.

Watu wazima nao walikuwa na michezo iliyo tayari, ila tu walikuwa wameisahau. Uko mchezo wa drafti, ambao hauhitaji zaidi ya ubao uliochorwa na vifuniko vya chupa. Iko ajua ya Wajaluo na giuthi ya Wakikuyu. Na liko bao la Waswahili, ambalo ni mchezo wa akili usiopungukiwa na mchezo wo wote wa ng'ambo. Bao lina mashimo 32, katika safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, akiziingiza moja moja. Hiyo ndiyo namua. Kete za mkononi zikisha, huingia mchezo wa mtaji, na hapo ndipo mafundi hujulikana. Mtu anayecheza bao hujifunza kuhesabu kwa haraka, kuficha shauri lake, na kushindwa bila kununa. Kwa desturi bao huchezwa barazani, watu wamelizunguka na kila mmoja akijifanya mwalimu. Mwaka ule mabaraza yalikatazwa, lakini watu wawili wa nyumba moja waliweza kucheza, na baba aliyemfundisha mwanawe bao mwaka wa 2020 alimwachia urithi usiochakaa.

Tena yako mambo yasiyo mchezo, lakini huijaza saa kwa namna iyo hiyo. Serikali ilihimiza watu walime bustani za nyumbani, na hata mijini watu walipanda sukumawiki katika magunia na makopo. Mtu anayeitazama mbegu yake kila asubuhi hupata kitu kinachofanana na furaha ya mpira. Hajui itakuwaje, hutumaini, na mwisho huona matokeo.

Lakini yafaa niseme kweli juu ya neno moja. Tunaposema kwamba watu walikuwa na saa tupu, mara nyingi tunasema juu ya wanaume. Mama wa nyumba hakuwa na saa tupu mwaka ule. Watoto wote walikuwa nyumbani, maji yalihitajiwa zaidi kwa kunawa mikono, chakula kilipikwa mara nyingi zaidi, na mume naye alikuwako akiuliza chai iko wapi. Mwanamume aliyelalamika kwamba hana la kufanya, hali mkewe amesimama tangu alfajiri, hakukosa kazi. Alikosa macho.

WALIOKULA KWA MCHEZO

Hata sasa nimesema juu ya watazamaji. Wako wengine ambao kwao mchezo haukuwa burudani bali ndio unga na kodi ya nyumba. Mwenye kibanda cha kuonyeshea mpira, mwuza jezi, mwanamke anayechoma mahindi nje ya uwanja, wote walisimama siku moja. Wachezaji wa timu zetu, ambazo nyingi zilikuwa na shida ya fedha hata kabla ya ugonjwa, walikaa bila mshahara.

Katika miji ya milimani kama Iten na Kaptagat, kambi za wakimbiaji zilifungwa, na wale waliozoea kukimbia makundi makundi walilazimika kukimbia peke yao. Marathoni ya London iliondolewa Aprili ikapelekwa Oktoba 4, ikakimbiwa na mabingwa wachache tu, ambapo Brigid Kosgei wetu alishinda upande wa wanawake. Ile ya Boston ilifutwa mwaka ule, jambo ambalo halijapata kutokea tangu ilipoanzishwa. Mkimbiaji mwenye jina kubwa aliweza kungoja. Lakini nyuma ya kila bingwa wako makumi ambao hutegemea zawadi ya mbio moja au mbili kwa mwaka, nao hawakuwa na cha kungojea. Ilibidi wagawiwe chakula, na Eliud Kipchoge mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowapelekea wenzao chakula hicho.

Hata hivyo hawakukaa kimya. Tarehe 11 Juni yalifanywa mashindano ya ajabu. Timu ya Timothy Cheruiyot, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 1500 wakati ule, ilikimbia mita 2000 katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, wakati ule ule ambapo timu ya ndugu wa Ingebrigtsen ilikimbia Oslo katika nchi ya Norway, na saa zao zikalinganishwa. Hali ya hewa ya Nairobi ilikuwa mbaya siku ile, tena iko juu sana, na watu wa Norway walishinda. Lakini ilikuwa wazi kwamba mchezo hauwezi kuzuiwa kabisa maadamu wako watu wanaoutaka. Na tarehe 3 Oktoba, katika uwanja uo huo, mashindano ya Kip Keino Classic yaliwaleta wakimbiaji wa nchi nyingi Nairobi.

MICHEZO ILIPORUDI

Mpira ulirudi kidogo kidogo: Ujerumani tarehe 16 Mei, Tanzania tarehe 13 Juni, Uingereza tarehe 17 Juni. Huko Ulaya ulichezwa katika viwanja vitupu, na televisheni zikatia sauti za watu zilizohifadhiwa ili mtazamaji asione upweke. Watu wakafurahi, nao walikuwa na haki. Lakini wengi waliutupa mara moja kila kitu walichokuwa wamekipata. Bao likarudi darini, viatu vya kukimbilia vikaingia chini ya kitanda, bustani ikaota magugu. Hapo nakumbuka habari ya wale wanawake wa Preston. Nafasi iliyopatikana isipolindwa, hunyang'anywa. Na safari hii hakuna aliyetunyang'anya ila sisi wenyewe.

SHAURI LANGU

Basi nataka kutoa shauri katika mambo matano, tusije tukakutwa mikono mitupu siku nyingine.

Kwanza, kila nyumba iwe na mchezo wake wa mkono, uwe bao, drafti, au karata zisizo za fedha, na watoto wafundishwe wakiwa bado wadogo.

Pili, chama cha mpira kisiwe timu ya wanaume 11 tu na watu wa kupiga makofi. Kiwe na timu ya wasichana, na ya watoto, na mbio za wazee, ili kila mwanachama awe na siku yake ya kutoa jasho.

Tatu, anayecheza kamari ajipe mtihani uleule wa mwaka wa 2020, bila kungoja ugonjwa mwingine. Akae mwezi mmoja asiweke hata senti, huku akiendelea kuutazama mpira. Akiweza, vema. Asipoweza, amwambie mkewe au rafiki yake wa kweli, atafute msaada kabla shamba halijauzwa.

Nne, kijana anayeishi kwa mguu wake ajifunze kazi ya pili na kuweka akiba, kwa maana mguu huvunjika, na hata usipovunjika, uwanja waweza kufungwa.

Tano, saa ikipatikana, mwanamume aulize kwanza katika nyumba yake ni nani aliyechoka kuliko yeye.

Mabibi na Mabwana, sisemi kwamba tuache kutazama mpira wa ng'ambo. Mimi na ninyi tutautazama, na Jumamosi ijayo tutabishana. Lakini wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mtu ambaye furaha yake yote iko katika miguu ya watu walio mbali ni maskini wa namna hiyo. Siku wale watakaposimama, naye atasimama. Wahenga hao hao walisema tena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Mwaka wa 2020 tuliona kwamba neno hilo ni kweli, kwa mzee mwenye bustani yake, kwa mabingwa wa upondo, na kwa baba na mwana walioketi na bao lao mvua ikinyesha nje. Basi tucheze kwetu, hata siku ambazo viwanja vyote viko wazi.